Tagi Inajua Namba Yake Tu: Hotuba kwa Wanaotaka Kuanza na RFID

Hotuba hii ilitolewa kwa wafanyabiashara, wasimamizi wa maghala na wanafunzi wa TEHAMA jijini Dar es Salaam. Tumeiweka yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wafanyabiashara, wasimamizi wa maghala, vijana wetu wa vyuo, habari za asubuhi.

Najua wengi mmekuja na swali moja kati ya mawili. La kwanza: je, hii RFID, huu utambuzi kwa mawimbi ya redio, utanizuilia wizi stoo? La pili: mashine yake bei gani? Maswali yote mawili ni halali na tutayafikia. Lakini kabla hamjatoa hata shilingi, naomba mlishike jambo hili moja, kwa sababu fedha nyingi zimepotea duniani kwa kutolishika.

Tagi, yaani kile kibandiko, kadi au hereni yenye chipu inayowekwa kwenye kitu, haijui kitu isipokuwa namba yake. Haijui kwamba imebandikwa kwenye shati. Haijui bei ya shati. Haijui kama mzigo unaingia au unatoka, wala kama aliyeubeba ni mfanyakazi wako au mwizi. Ikiulizwa, inataja namba. Basi. Mengine yote mtayafanya ninyi: kuhakikisha namba inasikika, kuipa namba maana, na kuamua nani anyanyuke afanye nini ikisikika. Anayenunua vifaa akidhani amenunua na hayo mengine, anarudi kwenye daftari kabla mwaka haujaisha.

Tuanze na kusikika. Je, namba itasikika?

Agosti 1945, watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ikatundikwa kwenye makazi ya balozi, na ikakaa hapo miaka saba. Ndani yake kulikuwa na chombo kilichobuniwa na mhandisi Leon Theremin. Chombo hicho hakikuwa na betri wala waya wa umeme. Kilikaa kimya mpaka mtu aliyekuwa nje akielekezee mawimbi ya redio; hapo mawimbi yalirudi yakiwa yamebeba sauti za waliokuwa wakizungumza chumbani. Kiligunduliwa mwaka 1952. Kwa nini kiliponyoka ukaguzi miaka yote hiyo? Kwa sababu chombo kisichotoa chochote hakina cha kunaswa.

Tagi isiyo na betri, ile stika ya bei nafuu mnayoiona kwenye lebo za nguo, inatumia kanuni hiyohiyo. Mtu aliye mlimani na kipande cha kioo hana tochi, lakini jua likimpiga anaweza kukigeuzageuza akakupelekea ishara. Kisomaji, yaani ile mashine ya kusomea tagi, ndicho jua; tagi ndiyo kioo. Inapokea mawimbi, inachota humo nguvu kidogo ya kuamsha chipu, halafu inarudisha mawimbi yaleyale ikiyabadilisha kwa mpangilio wa namba yake. Mwaka 1948 Harry Stockman alichapisha makala juu ya kuwasiliana kwa nguvu iliyoakisiwa, na mwaka 1973 Mario Cardullo na Charles Walton walipata hataza zao Marekani. Ya Walton ilikuwa ya kufungua mlango kwa kadi. Kwa hiyo ninachowaeleza leo kina umri mkubwa kuliko wengi waliomo ukumbini. Kilichobadilika ni bei.

Sasa, mawimbi hayafanani, na hapa ndipo watu wanaponunua kitu ambacho sicho. Kuna jamaa tatu.

Ya kwanza ni masafa ya chini, kilohetzi 125 na 134.2. Hayajali maji, hayajali nyama, lakini hayafiki mbali. Fimbo ya kusomea hereni ya ng'ombe inataka sentimita 20 au 30 hivi. Ndiyo maana mifugo wanatumia haya: ng'ombe ni mfuko mkubwa wa maji.

Ya pili ni megahetzi 13.56. Hapa ndipo zilipo kadi za kugusisha, vitabu vya maktaba, pasipoti mpya za Tanzania na Kenya, na ile NFC, njia ya kugusisha simu, iliyomo kwenye simu zenu. Kadi inasomwa kwa sentimita chache. Tagi ya kitabu inaweza kufika karibu mita moja kukiwa na antena kubwa.

Ya tatu ni UHF, yaani masafa ya juu sana, kati ya megahetzi 860 na 960. Hii ndiyo ya biashara ya maghala na maduka: mita kadhaa, tagi mamia kwa sekunde, bila kuhitaji kuona lebo. Lakini maji yanaimeza na chuma kinairudisha.

Je, simu yako itasoma tagi ya UHF? Haitasoma. NFC ya simu ni 13.56 tu. Kuna watu wameagiza maelfu ya stika za UHF wakitegemea wafanyakazi wazisome kwa simu zao. Stika hizo zilibaki mapambo.

Na masafa ya UHF yenyewe yanatofautiana kwa nchi. Marekani wanatumia 902 hadi 928, Ulaya 865 hadi 868. Kisomaji kilichofungiwa masafa ya Marekani kinaweza kuingilia mawimbi ya simu mahali ambapo masafa hayo yamegawiwa kampuni za simu. Kabla ya kuagiza, ulizeni TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya masafa gani yanaruhusiwa, kwa nguvu gani, na kama aina hiyo ya kifaa imeidhinishwa. Pateni jibu kwa maandishi. Mzigo uliokwama bandarini hausomi tagi.

Tukija kwenye bidhaa zenyewe: chupa ya maji, mafuta ya kula, losheni, kopo la nyanya, bati, betri ya gari. Mnauza nini kati ya hivyo? Ukibandika stika ya kawaida ya UHF ubavuni mwa chupa ya maji iliyojaa, inakufa. Ukiibandika kwenye chuma, inakufa. Haijaharibika, antena yake imetengenezwa iimbe hewani au juu ya karatasi, na maji au chuma kikiwa karibu mno inatoka kwenye sauti yake. Dawa ipo. Kwenye chupa, iweke juu penye hewa, shingoni au kwenye kifuniko, au ibandike nje ya katoni mahali ambapo ndani kuna nafasi tupu. Kwenye chuma, nunua tagi zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma, zenye sponji au kauri chini yake. Hizo bei yake ni mara nyingi ya stika, kwa hiyo zinafaa jenereta, mtungi wa gesi na kompyuta ya ofisi. Kopo la nyanya haliwezi kuzibeba.

Kuna mambo mengine madogo yanayoua usomaji. Tagi mbili zikilaliana, zikiachana milimita chache tu, zinaharibiana. Kwa hiyo suruali zilizokunjwa na kupangwa, lebo zote upande uleule, zitakupa pengo kwenye hesabu. Zibandike kwa kupishana. Pini ya stepla ikipita kwenye chipu, tagi imekufa. Kiganja cha mtu kikiifunika, haisomeki.

Basi nifanyeje, mtaniuliza. Jaribuni kwa bidhaa zenu, kwenye stoo yenu, kabla ya kununua mfumo. Azimeni au kodini kisomaji cha mkononi kwa siku mbili. Nunueni aina tano au sita za tagi, kumi kumi. Wekeni bidhaa moja yenye tagi umbali wa mita moja, anzeni na nguvu ya 30 dBm, yaani wati 1, kisha teremsheni desibeli moja moja, ndicho kipimo cha nguvu kwenye kisomaji, mpaka tagi ikate. Andikeni ilikatia wapi. Tagi iliyokata kwenye 15 ina akiba kubwa. Iliyokata kwenye 28 inasomeka leo hewa ikiwa nzuri, kesho haisomeki. Geuzeni bidhaa pande nne, rudieni. Kisha wekeni bidhaa kwenye katoni iliyojaa, rudieni. Kisha pangeni katoni kama mnavyozipanga siku zote, mpaka juu, rudieni. Hapo kwenye rundo ndipo mtakapoujua ukweli. Katoni ya katikati ndiyo inayowaambia kama mradi upo au haupo, na msikubali fundi yeyote awaonyeshe maonyesho ya katoni moja juu ya meza.

Wenye maghala na milango mikubwa, kwenu nina neno la ziada juu ya kebo. Lango la kawaida lina antena nne, mbili kila upande, moja kama sentimita 60 kutoka sakafuni na nyingine kama mita moja na nusu. Chagueni antena za mzunguko, zile zinazosoma tagi hata ikiwa imelala au imesimama. Halafu fundi analeta kebo nyembamba ya RG-58 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Kebo hiyo kwa mita 10 inakula karibu desibeli 5. Mnajua hiyo ni kiasi gani? Ni zaidi ya theluthi mbili ya nguvu yenu, imepotea kabla ya kufika kwenye antena. Kebo nene ya aina ya LMR-400 kwa urefu uleule inakula kama desibeli 1.3, yaani karibu robo. Lango linalosoma nusu ya mzigo mara nyingi lina ugonjwa wa kebo, na watu wanakimbilia kubadilisha kisomaji.

Na kuna ugonjwa wa kinyume: kusoma mno. Kuta za bati zinaakisi mawimbi, kwa hiyo lango lako linaweza kusoma paleti iliyolala mita sita pembeni, ambayo haijaenda popote, na mfumo ukaandika kwamba imetoka. Wekeni macho ya mwanga mawili mlangoni, moja mbele ya jingine. Kisomaji kiwake pale tu kitu kinapokata mwanga, na jicho lililokatwa kwanza ndilo litakaloonyesha kama mzigo unaingia au unatoka. Chini ya mlango choreni mstari wa rangi: ndani ya mita tatu, hapalazwi mzigo.

Nimekaa sana hapo kwa sababu hapo ndipo miradi mingi inapofia. Sasa namba yenyewe. Ikisikika, ina maana gani?

Bakodi ya soda inasema: mimi ni soda ya aina hii, ya ujazo huu. Kreti zote nchini zina bakodi hiyohiyo. Tagi inasema: mimi ni kitu hiki, hiki kimoja, hakuna mwingine. Namba ya kawaida ya UHF, ile inayoitwa EPC, ina biti 96. Ndani yake kuna namba ya kampuni, namba ya aina ya bidhaa, na namba ya kipande yenye biti 38. Hizo zinatosha vipande zaidi ya bilioni 274 kwa kila aina. Namba ya kampuni inatolewa na GS1, shirika la kimataifa linalogawa namba za bakodi. Za Tanzania huanza na 620, za Kenya 616.

Mtu atasema, kwa nini nisijitungie tu, 1, 2, 3? Kwa stoo yako ya ndani unaweza. Lakini mteja akiingia dukani kwako amevaa koti lililonunuliwa kwingine, nalo lina tagi ndani, kisomaji chako kitalisoma. Kama naye alijitungia 1, 2, 3, mfumo wako utaamini ni mali yako. Na tagi za bei rahisi mara nyingine zinakuja kutoka kiwandani zote na namba moja. Kwa hiyo mzigo wa tagi ukifika, chukua hamsini, zisome, angalia kama kuna namba iliyojirudia. Kuna sehemu nyingine ya kumbukumbu kwenye chipu, TID, inayoandikwa na mtengenezaji wa chipu na haibadilishiki. Iandike kwenye hifadhidata sambamba na EPC yako. Mtu akinakili EPC kwenye tagi nyingine, TID haitakubaliana. Halafu funga EPC kwa nywila, kwa sababu nywila ya kiwandani ni sifuri tupu na kila mwenye kisomaji anaijua.

Nani ametufundisha thamani ya kumbukumbu nyuma ya namba? Botswana. Nchi ile inauza nyama ya ng'ombe Ulaya, na soko la Ulaya linataka kujua ng'ombe alikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kuwamezesha ng'ombe kidonge cha kauri chenye chipu, kinachotulia kwenye tumbo la pili na kubaki humo. Namba ya kidonge ikaunganishwa na mwenye ng'ombe, chapa yake na eneo lake. Hakipotei porini, hakikatwi na mwizi. Lakini kina kasoro iliyo wazi: hakionekani. Bila kisomaji, huwezi kujua kama ng'ombe aliye mbele yako anacho au hana, na mfugaji mwenyewe hawezi kuisoma namba ya mfugo wake. Katika muongo uliofuata wakahamia kwenye hereni, ambayo ina chipu ndani na namba iliyochapwa nje.

Hereni nayo ina yake. Inadondoka, inang'olewa na miiba. Ng'ombe akipewa mpya bila namba mpya kuunganishwa na ile ya zamani, kwenye kumbukumbu mna ng'ombe wawili: mmoja hajulikani aliko, mwingine amezaliwa akiwa na miaka minne. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, na namba za mfugo kwa kanuni za kimataifa huanza na alama ya nchi, 834 kwetu, 404 kwa Kenya, 800 kwa Uganda. Hereni ilipoletwa kwa wafugaji, swali walilouliza lilikuwa: nani analipa, na mimi napata nini?

Naomba swali hilo tuliheshimu, kwa sababu ndilo lililoiangusha hata kampuni kubwa kuliko zote.

Juni 2003, Walmart, wenye maduka makubwa ya Marekani, walitangaza kwamba wauzaji wao wakubwa 100 wabandike tagi kwenye katoni na paleti ifikapo Januari 2005. Dunia nzima ya biashara ilitikisika. Wauzaji wengi wakafanyaje? Waliacha viwanda vyao kama vilivyokuwa, wakaweka meza moja mwishoni, karibu na lori. Katoni zinazokwenda Walmart zinapita pale, zinabandikwa, zinapakiwa. Bandika, peleka. Tagi haikumsaidia mwenye kiwanda kuhesabu stoo yake wala kujua mzigo uliokosewa. Kwake ilikuwa gharama tupu, na faida ilikuwa ya mwingine. Juu ya hapo, katoni nyingi zilikuwa za vimiminika na makopo, na tayari nimewaeleza maji na chuma hufanya nini. Mpango ule ulififia. Mwaka 2010 Walmart walirudi kwa njia nyingine: wakaanza na suruali za jinzi na nguo za ndani, tagi kwa kila kipande.

Kwa nini nguo? Nguo ni kavu na haizuii mawimbi. Kila fulana ina saizi tano na rangi sita, kwa hiyo macho ya binadamu yanachoka kuihesabu. Na hasara ya duka la nguo imejificha mahali pabaya: mteja anataka saizi ya kati, muuzaji anasema imeisha, kumbe ipo stoo ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa. Mteja anaondoka. Hasara hiyo haiandikwi popote. Kwa kisomaji cha mkononi mtu mmoja anahesabu vipande elfu kadhaa kwa saa, kwa hiyo duka linaweza kuhesabiwa kila wiki badala ya mara moja kwa mwaka.

Tufanye hesabu pamoja, kwa takwimu za mfano, kila mmoja aweke zake baadaye. Duka lina vipande 4,000 na linauza mzunguko huo mara tatu kwa mwaka, yaani vipande 12,000. Tagi ya karatasi tuseme shilingi 300 kwa anayenunua kidogo. Kisomaji cha mkononi huanzia dola mia kadhaa mpaka zaidi ya 2,000. Tuweke shilingi milioni 2.5. Tagi za mwaka ni milioni 3.6. Jumla milioni 6.1. Faida kwa kipande tuseme 8,000. Unahitaji mauzo ya ziada 763 kwa mwaka, kama 15 kwa wiki. Je, kila wiki mnapoteza wateja 15 kwa kukosa saizi ambayo ipo stoo? Mwenye duka kubwa atasema ndiyo. Mwenye duka dogo ajibu kwa ukweli, na kama jibu ni hapana, asinunue.

Lakini kuna njia ya Inditex, wenye Zara. Walipoanza kusambaza RFID madukani mwaka 2014, waliiweka chipu ndani ya kile kibanio cha plastiki cha kuzuia wizi. Nguo ikilipiwa, kibanio kilitolewa kaunta, kikatumika tena kwenye nguo nyingine. Tagi haikuondoka dukani. Rudini kwenye mfano wetu: vibanio 4,000 kwa shilingi 1,000 ni milioni 4, mara moja. Pamoja na kisomaji, milioni 6.5 mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili mnanunua vya kufidia vilivyopotea tu. Kwa stika, miaka miwili ni milioni 9.7. Kazi inayoongezeka ni moja: kila kibanio kinapohamia nguo mpya, lazima mtu akiunganishe upya na bidhaa kwenye kompyuta. Asipofanya hivyo, gauni litahesabiwa kama shati.

Na wizi? Kisomaji mlangoni kinaweza kuwaambia gauni namba fulani limepita bila kulipiwa. Mwizi anayejua atalifunga kwenye mfuko wenye karatasi ya alumini, na halitasomeka. Faida kubwa ni nyingine: ukihesabu kila wiki, unajua kilichopotea wiki hii, zamu gani, rafu gani. Anayehesabu mara moja kwa mwaka anajua tu kwamba amepungukiwa. Na kengele ikilia, nani anakwenda mlangoni? Andikeni jina la cheo chake kabla ya kufunga antena.

Juu ya yale matatu niliyoyataja mwanzoni, kuna la nne, nitalipitia haraka ila msilidharau: nani mwingine anaisikia namba yenu? Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha jinsi ya kuvunja usalama wa kadi ya MIFARE Classic, iliyokuwa ikitumika kwenye usafiri wa London na Uholanzi. Ufunguo wake ni wa biti 48 tu, na hesabu zake za siri zilikuwa na udhaifu. Kadi hizo bado zinauzwa mpaka leo, tena kwa bei nzuri, na zimejaa kwenye milango ya ofisi na hoteli. Zile za kilohetzi 125 ndizo dhaifu zaidi, maana nyingi hazina siri yoyote; kifaa kidogo cha mkononi kinanakili namba kwa sekunde chache. Kama kadi inafungua mlango wa fedha au inabeba salio, mwulizeni muuzaji ni chipu gani, na mtake yenye AES, njia imara ya kuficha siri, kama chipu ya DESFire ya matoleo ya karibuni. Muuzaji asiyejua jina la chipu anayoiuza, agana naye. Na mkiunganisha namba na jina la mtu, mfanyakazi au mteja, mmeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya wana yao ya 2019. Jisajilini, na msihifadhi nyendo za mtu kuliko mnavyohitaji.

Sasa vijana, ninyi mnaotaka kujifunza. Msisubiri chuo kiwanunulie lango. Anzeni na RC522, moduli ndogo ya kusomea kadi za megahetzi 13.56, na Arduino Uno, bodi ndogo ya kujifunzia programu. Ungeni SDA kwenye pini 10, MOSI 11, MISO 12, SCK 13, RST 9, na umeme kwenye volti 3.3. Narudia, 3.3. Mkiiunga kwenye 5 mnaiunguza. Isiposoma, kagueni lehemu ya vile vijiti vya pini kwanza, maana mara nyingi vinakuja havijaunganishwa na wanafunzi wanavichomeka tu. Kisha fupisheni nyaya. Kisha iondoeni juu ya meza ya chuma. Itasoma kwa sentimita tatu au nne, na haitasoma kadi za kilohetzi 125 hata mkikesha. Mkishasoma namba ya kadi, msijenge mlango unaoiamini namba hiyo peke yake. Zipo kadi tupu ambazo namba yake inaandikwa upya. Nunueni moja mjionee.

Hatua ya pili ni programu, na ndipo kazi ya kulipwa ilipo. Tagi moja ikipita langoni inaweza kusomwa mara arobaini. Mwenye ghala hataki mistari arobaini. Anataka mmoja: kitu hiki, mlango wa pili, saa nne na robo, kilikuwa kinatoka. Andikeni programu inayopokea usomaji mfululizo, inayokusanya usomaji wa tagi moja ndani ya sekunde tano kuwa tukio moja, inayotupa namba zisizo za kampuni yenu, na inayokumbuka tagi iliyokaa pale muda mrefu ili isiitangaze tena. Hamhitaji kisomaji kuanza. Tengenezeni faili la usomaji wa kubuni lenye marudio, mapengo na namba za kigeni, mlichuje. Kisha jifunzeni LLRP, lugha ambayo visomaji vingi vya kudumu vinaizungumza kwenye mtandao kupitia mlango 5084. Mwenye kuyajua hayo mawili, kuchuja na LLRP, anaweza kuingia kwenye ghala lolote akawa na la kufanya siku hiyohiyo.

Wafanyabiashara, mkienda kwa muuzaji wa mfumo, mkataba wenu uwe na namba za kupimika: asilimia ngapi ya tagi zisomwe, kwenye rundo la aina gani, kwa kasi gani ya forklifti, na kipimo kifanyike kwenye ghala lenu mbele ya mtu wenu. Malipo ya mwisho yatoke baada ya kipimo hicho. Hifadhidata iwe mali yenu, na namba za tagi mzitoe wakati wowote bila kumlipa mtu.

Muda wangu umekwisha. Meza ya majaribio ipo upande wa kulia wa ukumbi, ina visomaji viwili vya mkononi na tagi za aina sita. Walioleta bidhaa zao waje nazo, tukianza na wenye vimiminika, kwa sababu hao ndio watakaochukua muda. Maswali mengine tutayajibia palepale mezani.